Kutua Mzigo

Desemba 1861, ndani ya kibanda cha nyasi si mbali na ikulu ya Mukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe, Mskoti mmoja aitwaye James Augustus Grant alianza kuuguza mguu. Ulikuwa mguu wa kulia, na uvimbe ulianzia juu ya goti. Ulivimba hadi ukapoteza umbo, ukachanjwa, ukatoa usaha, ukajifunga, ukachanjwa tena. Goti likakakamaa likiwa limepinda. Mwenzake, John Hanning Speke, ambaye alikuja naye Karagwe mwezi Novemba wakitafuta chimbuko la Nile, alimsubiri mpaka Januari, kisha akamwacha na kuendelea peke yake kwenda kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Grant akabaki kwetu miezi kadhaa, akitazama paa la nyasi.

Wenyeji na wapagazi walimhurumia, na kila mtu alikuwa na dawa yake. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani hadi India na sasa ndiye mkalimani wa msafara, alikuwa amesikia habari za dawa ya kubandika: mavi ya ng'ombe, chumvi na tope la ziwani, vyote vichanganywe na kuwekwa vya moto. Wakambandika. Grant anaeleza katika kitabu chake cha 1864, *A Walk Across Africa*, kwamba dawa ile ilimbana mguu kama bandeji, basi, haikufanya kingine. Baraka, mkalimani wa pili, akashikilia kuwa nyoka amemtemea mate. Ndipo Nnanaji, nduguye Rumanyika aliyesifika kwa uganga, aliposema ugonjwa huu anaujua vizuri na dawa yake ipo. Akaleta Mnyambo mmoja mpole pamoja na mkewe. Mnyambo aliupapasa mguu kwa mkono mlaini, akautia chale ndogo ndogo, akawatoa nje watazamaji. Mke akafungua jani la mgomba lililokunjwa. Ndani mlikuwa na dawa nyeusi, nzito. Wakailainisha kwa mate na kuisugua kwenye chale zinazotoka damu mpaka zikawasha. Mwisho wakamfunga kipande kidogo cha lava kwenye kifundo cha mguu.

Mimi ni mtu wa Bugene. Kutoka kwetu hadi Bweranyange, ilikokuwa ikulu hiyo, ni safari ya pikipiki na vumbi, na nimekisoma kisa hiki mara nyingi kuliko nilivyosoma chochote kingine kilichoandikwa na mgeni kuhusu Karagwe. Zamani nilikisoma kwa hasira ya kizalendo, nikitaka Mnyambo yule awe amemponya Mzungu. Hakumponya, ugonjwa ulijichokea wenyewe, mwezi wa tano. Siku hizi kinachonishika ni jambo jingine. Katika kibanda kile palikuwa na tope, palikuwa na jiwe, palikuwa na dawa nyeusi. Tope lilikaa juu ya ngozi nzima, ambayo haikulifungulia. Jiwe lilining'inia tu. Dawa nyeusi peke yake ndiyo iliyopewa njia: chale, mate, kidole. Mnyambo na mkewe walijua kwamba kuwa na dawa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni nani aibebe, na aitue wapi.

Neno hilo, kutua, nimelikalia kitako kwa muda. Nchi hii ilipitiwa na misafara. Kafuro, hapa hapa Karagwe, wafanyabiashara wa Kiarabu walikuwa na kituo chao, na bidhaa zilifika juu ya mabega ya watu waliotembea kutoka pwani. Mpagazi hakusifiwa kwa kubeba tu. Punda naye hubeba. Mpagazi aliyetupa mzigo njiani alikuwa hasara, na aliyeung'ang'ania akatoroka nao alikuwa hasara zaidi. Kazi yake ilikamilika pale alipoutua, mahali palipokusudiwa, ukiwa mzima. Na ajabu ya lugha yetu ni kwamba kutokana na kutua tumepata kutulia, na kutokana na kutulia tumepata kutuliza. Kwa hiyo mzee wa hapa akienda duka la dawa kuomba ya kutuliza maumivu ya mgongo, anaomba, bila kujua, kitu cha kumtua mzigo.

Mwaka juzi nilikuwa Murongo siku ya gulio. Murongo iko Kyerwa, mpakani. Ukivuka mto Kagera uko Kikagati, Uganda. Mama mmoja aliyekuwa amevuka asubuhi alitandika khanga chini na kupanga vijiti vya udongo, vifupi, vinene kama kidole gumba, vya rangi ya kijivu na vingine vyekundu, vimekaushwa vizuri na kuchorwa mistari. Huko ng'ambo huviita emumbwa. Nilimwamkia, nikauliza ni vya nini.

"Vya mama wajawazito, mwanangu. Vina dawa ndani."

"Dawa gani, mama?"

Alicheka. Hilo halisemwi kwa mtu anayeuliza bei tu. Lakini alinionyesha matumizi. Alichukua kigae cha chungu, akakidondoshea maji, akakisugua kijiti juu yake kwa mwendo wa mviringo, mara kumi hivi, mpaka ukatoka uji mwepesi wenye harufu ya majani makavu na mvua ya kwanza. Huo ndio unaonywewa. Kilichobaki cha kijiti hurudishwa kwenye kitambaa, kinasubiri kesho. Nilipomuuliza kwa nini wasinywe majani yenyewe, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maziwa huwekwa kwenye kibuyu.

"Majani yataoza. Na yakienda yote kwa mara moja yatamsumbua tumbo. Udongo unayashika, unayatoa polepole."

Sijui kama emumbwa inatibu. Sitaki pia kuingia katika kundi la wale wanaoamini kwamba wazee walijua kila kitu na maabara imekuja kuiba. Lakini sentensi ile ya mwisho, neno kwa neno, ungeweza kuiweka mwanzoni mwa makala ya famasia na hakuna mhariri angeigusa.

Maana hicho ndicho wanafamasia wanachokitafuta. Udongo wa mfinyanzi si mchanga uliosagwa sana. Chini ya hadubini yenye nguvu huonekana kuwa ni kurasa, majani membamba mno ya silika na alumina yaliyolaliana kama daftari lililolowa. Katika aina nyingi za udongo, atomu ya alumini imekaa penye haki ya silikoni, au magnesiamu penye haki ya alumini, na kila badiliko la namna hiyo huuacha ukurasa na chaji hasi isiyo na mwenza. Ili hesabu ikae sawa, udongo huvuta kutoka majini vitu vyenye chaji chanya: sodiamu, kalsiamu, potasiamu. Huvishika kwa mkono uliolegea. Akija mwingine mwenye chaji chanya, hupokewa, wa kwanza akaachiwa. Mkulima wa kahawa anaishi kwa biashara hiyo ya kubadilishana bila kuiona.

Na hapo dawa zinagawanyika. Zile zenye chaji chanya, kama kwinini ikiwa katika tindikali, udongo huzidaka wenyewe. Lakini dawa nyingi za kutuliza maumivu, diklofenaki na ibuprofeni zikiwemo, zikiyeyuka katika maji yasiyo na tindikali kali hubeba chaji hasi. Hasi na hasi hazikai pamoja. Ukichanganya diklofenaki na udongo mtupu, ni kama kuwakalisha benchi moja watu wawili waliogombania mpaka wa shamba.

Anahitajika mshenga. Mshenga mzuri ana ndugu pande zote mbili, na kemia inaye wa namna hiyo: safaktanti, yaani kitu cha jamii ya sabuni, chenye kichwa kinachopenda maji na mkia mrefu unaopenda mafuta. Sabuni ya mche haifai, kwa sababu kichwa chake nacho ni hasi. Inatakiwa sabuni iliyogeuzwa, yenye kichwa chanya. Si kitu cha ajabu. Cetrimide iliyomo katika Savlon, ile ya kuoshea vidonda, ni ya ukoo huo. Na dada yeyote wa saluni pale Kayanga anaijua kwa jina jingine: kondishena. Unywele uliolowa una chaji hasi, kichwa chanya cha kondishena huunasa, mkia wa mafuta hubaki nje, na ndiyo maana ukisuuza nywele zinabaki zikiteleza wakati shampuu imeshaondoka na maji.

Niliwahi kulijaribu hili jikoni, kwa udadisi wa mtu asiye na maabara. Nilichukua udongo wa kichuguu kilicho nyuma ya nyumba, nikauponda, nikaukoroga katika maji, nikaacha mchanga utuame, kisha nikagawa yale maji ya kahawia katika glasi mbili. Katika moja nikatia kondishena kiasi cha ncha ya kijiko iliyokorogwa na maji. Baada ya nusu saa glasi isiyo na kitu ilikuwa bado kama chai ya maziwa. Ile nyingine ilikuwa imekatika: chini mapandemapande ya udongo kama mtindi, juu maji yanayopitisha mwanga. Punje ambazo zilikuwa zikisukumana kwa chaji zao hasi zilikuwa zimepata wa kuzipatanisha, zikakumbatiana na kuzama. Nikazidisha kondishena, maji yakarudi kuwa na ukungu. Vitabu vinasema hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwamba dozi ikizidi safaktanti hupanga safu ya pili, mikia kwa mikia, vichwa nje, na punje hupata chaji mpya, chanya sasa, zikaanza tena kusukumana. Lakini kwa haki sikuweza kujua kama ukungu ule ulikuwa udongo au ni mafuta ya kondishena yenyewe. Mke wangu alitaka kujua tu nani ataosha glasi.

Hiyo safu ya pili ndiyo siri ya jambo zima. Safu moja huifanya punje ya madini iwe na koti la mafuta, na dawa zisizopenda maji hupata pa kujificha. Safu mbili huigeuza punje ikawa na uso chanya, na hapo diklofenaki, yenye chaji hasi, inakuja yenyewe. Jiwe ni lile lile. Kilichobadilika ni aliyesimama mlangoni.

Waliofanya kazi hii kwa uvumilivu mkubwa ni Waserbia. Huko Belgrade, Danina Krajišnik wa Kitivo cha Famasia na Aleksandra Daković, mtaalamu wa madini, pamoja na wenzao, walichukua zeolaiti kutoka machimbo ya Zlatokop kusini mwa Serbia, wakaivisha kloridi ya cetylpyridinium, ambayo wengi wetu tumewahi kuisukutua katika dawa za kinywa, kisha wakaipakia diklofenaki. Dawa ilishikwa, na ilipotiwa katika kimiminika kinachofanana na cha utumbo ilitoka kidogo kidogo kwa saa kadhaa badala ya kumwagika yote kwa mkupuo.

Zeolaiti yenyewe inastahili sentensi zake. Mwaka 1756 Mswidi Axel Fredrik Cronstedt alichoma jiwe fulani akaliona likitoa mvuke na kuumuka kama linachemka, akaliita kwa Kigiriki jiwe lichemkalo. Ndani yake mna vijumba vidogo mno vilivyojaa maji na madini yenye chaji chanya. Molekuli ya safaktanti ni kubwa kuliko milango ya vijumba hivyo, kwa hiyo mshenga hubaki uani na ndani kunabaki kama kulivyokuwa. Na si jiwe la ugenini. Mjiolojia Richard Hay, aliyefanya kazi Olduvai pamoja na Louis na Mary Leakey, ni mmoja wa watu walioifundisha dunia kwamba majivu ya volkano yakianguka katika ziwa la magadi hugeuka zeolaiti pole pole; sehemu ya ushahidi wake ilikuwa katika matabaka yale yale yaliyotoa mafuvu. Sisi tulikwenda Olduvai kutazama mifupa. Udongo ulioishika mifupa hiyo haukuulizwa sana.

Kuba hawakusubiri. Miaka ya 1990 watafiti wa Havana walichukua zeolaiti ya kwao, wakaisafisha, wakaitengeneza iwe kidonge cha kuzuia kuharisha kilichoitwa Enterex. Hapo hapakuwa na sabuni wala dawa ya ziada. Nchi maskini, jiwe lake, kidonge chake. Sina maelezo zaidi ya hayo, ila huwa nayakumbuka kila ninapoona lori la mizigo ya dawa likipanda mlima kuja kwetu.

Nirudi kwa huyo mshenga, kwa sababu ana kasoro. Safaktanti zenye kichwa chanya huua vijidudu kwa kuuchana utando wao, na utando wa seli zetu si tofauti sana. Cetrimide ya kuosha kidonda ukiimeza ni balaa. Kwa hiyo swali la watafiti sasa limehama. Kushika wamekwisha kuweza. Je, mshenga atabaki kwenye jiwe, au naye ataachia na kuingia kwenye damu pamoja na bi harusi? Ndiyo maana wengine wameanza kujaribu washenga wapole zaidi, kama lesithini inayopatikana katika kiini cha yai na soya. Mengi ya haya yangali katika chupa za maabara, na nadhani ni vyema yakae humo mpaka swali hilo lijibiwe. Mtu wa Omurushaka mwenye mgongo unaouma kwa kubeba mikungu ya ndizi anapata vidonda vya tumbo kwa diklofenaki ya kawaida. Hahitaji kuongezewa cha pili.

Kuna upande wa udongo ambao wapenzi wa mambo ya asili hawapendi kuusikia. Mpagazi anayejua kushika anajua pia kuiba.

Shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, alikuwa mjamzito wa miezi sita. Kliniki alikokuwa akienda walimpa vidonge vya kuongeza damu, akavimeza kwa uaminifu wa Mlokole, na kila alipopimwa damu ilikuwa pale pale. Wakamwongezea vidonge. Mwezi uliofuata, pale pale. Miezi mitatu ilipita hakuna aliyemuuliza kitu. Ni nesi mmoja mzee, aliyeshika zamu ya mtu mwingine siku hiyo, aliyefunga kadi, akamtazama usoni na kusema, "Binti, udongo unakula?"

Shemeji akacheka kwa aibu. Alikuwa nao kwenye mkoba. Pemba, ile nyeupe ya sokoni, na siku ambazo hana pemba, kichuguu. Asubuhi kidogo, na kidogo baada ya kumeza vidonge, kukata kichefuchefu.

"Basi vidonge anakula udongo," nesi akasema. "Wewe unambebea tu."

Sijasikia maelezo mafupi ya ubadilishanaji wa ayoni kuliko hayo. Madini ya chuma yana chaji chanya. Udongo una chaji hasi na njaa. Vikikutana tumboni, chuma hukaa kwenye kurasa za udongo na kutoka nazo upande wa pili, pasipo kugusa damu. Sio chuma pekee. Mapema miaka ya 1980, klorokwini ikiwa bado ndiyo dawa ya malaria, ilipimwa ikaonekana kwamba kaolini na magnesiamu traisiliketi, ile ambayo watu hutafuna kiungulia kikiwasumbua, hupunguza kiasi cha klorokwini kinachoingia mwilini. Ni watu wangapi waliomeza vyote pamoja kwa sababu malaria na kiungulia vilikuja siku moja, hakuna aliyewahesabu. Na udongo hauji peke yake. Elias Nyanza na wenzake walichapisha mwaka 2014 utafiti juu ya udongo unaoliwa na wajawazito katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu hapa Kanda ya Ziwa. Ndani yake walikuta aseniki, risasi na metali nyingine ambazo hakuna mama angemtakia mwanawe. Udongo huwa umeshabeba kitu kabla hatujaupa mzigo wetu.

Shambani nako ni vivyo hivyo. Udongo wa sehemu za Karagwe umeainishwa na watafiti kama Andosoli, udongo wenye asili ya majivu ya volkano: mwepesi, mweusi, unaoshika maji vizuri, na unaoishika fosforasi kwa ukaidi kiasi kwamba maharage hufa njaa juu ya chakula. Baba yangu alikuwa akisema shamba letu ni kama mtu mchoyo aliyenona. Dawa yake ilikuwa majivu ya jikoni na samadi, mwaka hadi mwaka, mpaka udongo ushibe na uanze kuachia.

Nimeuacha mguu wa Grant bila jina. Madaktari waliosoma maelezo yake baadaye wamependekeza kwamba huenda alikuwa na kidonda cha Buruli, na kama ni kweli basi maelezo ya kwanza ya ugonjwa huo yaliyoandikwa yalitoka Karagwe, miaka 35 kabla Albert Cook hajaona wagonjwa wake katika hospitali ya Mengo mwaka 1897. Neno "huenda" hapa lina kazi: Buruli kwa kawaida haiumi sana, na Grant aliteseka. Kijidudu chake hukaa maeneo ya majimaji na kutoa sumu inayoyeyusha mafuta chini ya ngozi. Leo hutibiwa kwa rifampisini na klarithromaisini kwa wiki 8.

Lakini mwaka 2002 mama mmoja Mfaransa, Line Brunet de Courssou, alipeleka kwa Shirika la Afya Duniani taarifa na picha za wagonjwa wa Buruli wa Côte d'Ivoire aliowatibu kwa kubandika udongo wa kijani kutoka Ufaransa, ukibadilishwa kila siku. Tope, juu ya kidonda ambacho huenda ni kile kile ambacho Bombay alikibandika tope la ziwani. Wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Lynda Williams na Shelley Haydel, waliuchukua udongo huo na kuupima. Walikuwa na aina mbili, zote za kijani, zote kutoka Ufaransa, madini yake yakifanana karibu kila kitu. Ya kwanza iliua bakteria, hata yule wa Buruli. Ya pili haikuua, bakteria walistawi. Tofauti haikuwa katika kurasa zenyewe bali katika kile zilichokuwa zimekibeba na jinsi zilivyokiachia zikilowa, na kazi zilizofuata zilielekeza kidole kwenye chuma na alumini inayoyeyuka kutoka kwenye udongo.

Kwa hiyo siwezi kumcheka Bombay. Alikuwa na wazo, akakosa tope. Au alikuwa na tope sahihi na chumvi ikaliharibu, kwa kuwa chumvi nayo ina chaji za kubadilishana, na samadi ni mchanganyiko ambao hata Arizona wasingependa kuupima. Wala siwezi kumwinua sana Mnyambo na dawa yake nyeusi, ambayo hakuna aliyeandika ilikuwa nini, na ambayo ilipita mdomoni kabla ya kufika jerahani. Nikiwa pale mlangoni mwa kibanda, mwaka ule, ningempa nani mguu wangu? Nadhani ningempa yule mama. Si kwa ajili ya dawa. Ni kwa namna alivyoibeba: jani la mgomba, limekunjwa, linafunguliwa pale tu mguu ulipokuwa tayari, na watazamaji wameshatoka.

Kijiti changu cha emumbwa bado ninacho, juu ya kabati, katika karatasi ya gazeti. Sijakisugua. Kimepoteza harufu, au pua yangu imekizoea. Nilimwonyesha shemeji, akakinusa, akakiweka ulimini haraka kabla sijasema kitu, akatabasamu. Mtoto wake sasa anatembea.

Aprili 1862 Waganda walikuja Karagwe kumchukua Grant, kwa amri ya Kabaka. Goti lilikuwa halijanyooka. Wakamlaza katika machela ya fito zilizosukwa, wakamwinua vichwani na mabegani, wakaondoka kwa mwendo wa kukimbia. Aliwaomba wambebe miguu mbele, ili aone nchi wanayoiendea. Walikataa katakata, wakambeba kichwa mbele, akitazama nyuma, Karagwe ikipungua machoni pake. Kila baada ya maili moja hivi walimtua, wakapumzika, wakataniana na kucheka, kisha wakamwinua tena.